Kabla Hujanunua Hita Nyingine, Chungulia Kwanza Ndani ya Jagi

Kila ikifika Juni, baridi ya Uyole, hapa Mbeya, ikishaanza kung'ata, dukani kwetu wanamiminika watu wenye hita. Hita za shawa, majagi ya umeme, na zile koili za kutumbukiza kwenye ndoo. Karibu wote wana neno moja: "Fundi, hii imeungua, nipatie nyingine."

Mama mmoja alituletea jagi lake la tatu ndani ya mwaka. Alishaamua kwamba vitu vya siku hizi ni feki tu. Feki zipo, sibishi. Ila nilipofunua mfuniko na kumulika kwa tochi ya simu, chini palikuwa na gamba jeupe, nene kama ganda la yai, limepasukapasuka kama tope la kiangazi. Nikabandua kipande kwa bisibisi, nikakikamulia limao. Kikaanza kuchemka vipovu mezani. Mama akaguna, "Kumbe nakunywa chokaa!"

Ndiyo, ni chokaa, na haikutoka kiwandani kwa waliotengeneza jagi. Maji ya mvua yanashuka bila madini. Yakipenya ardhini yanachukua hewa ukaa ya kwenye udongo, yanapata ukali kidogo, na ukali huo unayeyusha kalsiamu na magnesiamu za kwenye mawe. Maji yaliyokaa sana kwenye mwamba wenye madini hayo yanabeba mengi kuliko ya kijito kilichoporomoka mlimani juzi. Ndiyo maana bomba la kwako na kisima cha jirani vinaweza kutofautiana kabisa, ukuta ni mmoja. Wala usimsikilize anayekwambia kwamba maji yote ya Mbeya ni magumu, yaani yenye madini hayo kwa wingi, hasa kama anakuuzia kitu.

Ukiyapasha maji magumu, hewa ukaa inatoka na chokaa inaganda, ikianzia penye moto zaidi, yaani kwenye koili. Yale mawe ya Songwe yanayochimbwa kutengenezea saruji nayo yaliachwa na maji ya chemchemi za moto, hewa ikitoka, chokaa ikibaki. Tofauti ni kwamba wewe machimbo yako yako jikoni. Koili ikishavikwa gamba, joto linashindwa kwenda kwenye maji, maji yanachelewa kuchemka huku uniti za luku zinakwenda, na koili yenyewe inapata moto kupita kiasi mpaka inakatika. Kwenye shawa, dalili ya kwanza ni matundu kuziba: maji yanarukia ukutani badala ya kichwani.

Jikoni ugumu huo wa maji utauona kwenye maharage. Kalsiamu inakaza ganda la maharage, unachochea kuni mpaka jioni. Bibi zetu walitia magadi bila kumuuliza mtu, na kikemia walikuwa sahihi: magadi yanaiondoa kalsiamu njiani na kulainisha ganda. Tena sisi huku juu tuna adhabu ya pili. Mbeya ipo mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo, si 100. Kwa hiyo ukiona maharage hayaivi, usiyasingizie maji peke yake.

Kwenye kufua, sabuni ya kipande inagandamana na madini hayo na kuwa utando wa kijivu unaoshika kwenye beseni na kwenye shati jeupe la shule. Taulo linakauka gumu kama kadibodi.

Kiafya, kalsiamu na magnesiamu ni madini ambayo mwili unayahitaji, na Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango cha ugumu wa maji kwa sababu za kiafya. Wadudu wa kwenye maji ni habari nyingine, endelea kuchemsha maji ya kunywa. Na chujio la mshumaa, ambalo wengi hununua wakidhani litamaliza chokaa, haliiondoi. Linazuia uchafu, madini yaliyoyeyuka yanapita.

Jagi usilikwangue kwa kisu. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, ifunike koili, pasha kidogo, zima, acha saa moja, kisha mwaga. Limao nalo linafanya kazi ila utahitaji mengi. Chemsha maji matupu mara mbili umwage, vinginevyo chai itakuwa na ladha ya kachumbari. Kichwa cha shawa ya umeme usikiguse kabla hujazima swichi kubwa. Na siki isikutane na jiki hata tone, mchanganyiko huo unatoa gesi yenye sumu. Kwa maji magumu kweli, tunashauri ufanye hivi kila mwezi.

Mtambo wa kulainisha maji tunauza, lakini si kwa kila anayeuomba. Unabadilisha kalsiamu na magnesiamu kwa sodiamu, na unaulisha chumvi ya kawaida ili uendelee kufanya kazi. Una maana kwa saluni, gesti au dobi. Mwenye presha aliyekatazwa chumvi tunamwachia bomba moja la jikoni lisilopita kwenye mtambo. Kwa nyumba ya watu wanne yenye jagi moja, siki inatosha, na nimeshawarudisha watu nyumbani na hela zao.

Ukitaka kujua maji yako yakoje, chukua chupa mbili za nusu lita, moja maji yako, nyingine maji ya mvua. Tia kila moja sabuni ya kipande iliyoparuzwa, kiasi kilekile, tikisa. Ya mvua itajaa povu. Yako ikibaki na povu hafifu na mawingu ya maziwa, ni magumu. Usitumie sabuni ya unga, hiyo inatoa povu hata kwenye maji magumu na itakudanganya.

Au tuletee maji tuyapime dukani, kupima ni bure. Jaza chupa mpaka juu, andika kama ni ya bomba au ya kisima. Suuza chupa kwa maji hayohayo tu. Ukiiosha kwa sabuni, tutakuwa tunapima sabuni yako.