Tafadhali usilikwangue kombe lile

Mpendwa rafiki yangu Salma,

Salamu nyingi kwako na kwa wenzako wa maabara. Sisi hatujambo, na Idi amekwisha kupona. Nakujibu upesi kwa sababu ya jambo moja: tafadhali usiukwangue utando wa waridi ulioota juu ya kombe la konokono anamoishi kaa wako.

Kwa jinsi ulivyoueleza, na kwa kuwa kaa mwenyewe alitoka Bahari ya Kaskazini, naamini huo si uchafu bali ni Hydractinia echinata, hidroidi, yaani mnyama mdogo wa baharini ambaye ni ndugu wa mbali wa matumbawe na yavuyavu. Koloni nzima, yaani utando wote, huanzia kwenye lava (mtoto mchanga) mmoja, ambaye hutulia juu ya kombe, hugeuka polipu, yaani kijimwili chembamba kilichosimama, kisha hutandaza mirija ambamo polipu wengine huchipuka. Wenye midomo na minyiri hukamata chakula. Wenye kazi ya uzazi hawana midomo, kwa hiyo hulishwa na wenzao kupitia mirija hiyo. Na kwenye ukingo wa kombe husimama wengine warefu, wanaojikunja na kujikunjua, ambao nao hawali wenyewe. Sasa niambie, Salma, huyo ni mnyama mmoja au ni wengi? Swali hili limeninyima utulivu tangu niliposoma barua yako.

Nikitazama vita vyao, naelekea kusema ni mmoja. Kwa jamaa yake wa pwani ya mashariki ya Marekani, Hydractinia symbiolongicarpus, jeni mbili zinazoitwa Alr1 na Alr2 huamua kama koloni mbili zilizokutana zitaungana au zitapigana. Zisipotambuana, mirija ya mpakani huvimba, hujaa seli zenye miiba ya sumu, na huweza kuharibu tishu za jirani. Anayemtambua mgeni namna hiyo hakika anajijua kwa namna fulani. Lakini ukimkata polipu mmoja kichwa, huota kingine baada ya siku chache kwa kazi ya seli shina zake, yaani seli zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, na hapo narudi tena kwenye wengi! Seli hizo hizo ndizo pia chimbuko la mayai na mbegu za kiume. Mwanabiolojia Mjerumani August Weismann alichapisha utafiti wake kuhusu asili ya seli za uzazi katika hidroidi mwaka 1883.

Najua utasema kwamba kiumbe wa namna hiyo atajiotea upya. Ukilisugua kombe likawa jeupe kabisa, hata hivyo, hutaacha kipande chochote cha kuanzia, na mimi nataka sana tumchunguze pamoja.

Je, koloni hiyo ni ya kike au ya kiume? Umewahi kuwasha taa baada ya giza ukaona mayai yakiachiwa? Wale warefu wapo kwenye ukingo wa kombe? Kuna koloni ya pili inayoisogelea? Na Mwalimu amekwisha kuiona?

Nakusubiri,
Rafiki yako,
Neema