Mwanaidi, huku kuna watu wanaitwa Waladini

San Ciascian, Val Badia
Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na kwa watoto pia. Mimi mzima, ila mikono imechanika kwa baridi na sabuni ya vyombo. Leo wageni wameondoka mapema, nimepata saa zima la kukaa, nikasema nikuandikie barua ya kweli, maana kwenye simu kila tukianza kuzungumza kuna mmoja anaitwa.

Uliniuliza kama Kiitaliano kimeshakolea. Nilicheka peke yangu jikoni. Kiitaliano ninacho cha kuombea maji na mshahara. Tabu ni kwamba hapa nilipo, ndani ya Italia hiyo hiyo, Kiitaliano si lugha ya nyumbani kwa mtu. Siku yangu ya kwanza nilimsikia mama mwenye hoteli ninayofanyia kazi akizungumza na wageni Kijerumani, kisha akamgombeza mleta mboga kwa Kiitaliano, halafu akageuka kwa mwanawe wa miaka minne na mdomo ukabadilika kabisa. Lugha ikawa laini, imejaa "sh" na "ch". Nikadhani ni Kiitaliano cha kudekeza watoto. Nikamuuliza. Akasema ni Kiladini, ndiyo lugha yetu, akaendelea kumfuta mtoto makamasi.

Basi nikaanza kuchunguza, unanijua. Hawa watu hawazidi sana 30,000. Ukiwachukua wote na wazee wao ukawapeleka uwanja wa Mkapa, nusu ya viti itabaki mitupu. Wanaishi katika mabonde matano, manne yameuzunguka mlima mkubwa wa mawe uitwao Sella na la tano liko pembeni kidogo, katika milima ya Dolomiti: Badia hapa nilipo, Gherdëina, Fascia, Fodom na Anpezo. Mwaka 15 kabla ya Kristo Warumi waliiteka milima hii, na Kilatini cha askari na wachuuzi kikaingia vinywani mwa wenyeji walioitwa Waraeti. Baadaye Wajerumani wakashuka kutoka kaskazini, Kiitaliano kikapanda kutoka kusini, na kile Kilatini cha zamani kikabaki huku juu kikichacha kivyake. Ndugu zake wa karibu ni Kiromanshi cha Uswisi na Kifriuli cha upande wa mashariki. Hata jina Ladin ni hilo hilo "Latini".

Ila usidhani wote wanasema sawasawa. Kati ya bonde na bonde kuna mlima, na zamani theluji ikishafunga njia ndiyo mpaka masika. Nyumba hapa Badia ni ciasa, ukivuka kwenda Gherdëina inakuwa cësa, Fascia ni cèsa. Hapa ukimshukuru mtu unasema giulan. Fascia wanasema detelpai, na nilipofafanuliwa maana yake nilisimama na sufuria mkononi: ni "Mungu akulipe". Mwanaidi, bibi yangu hajawahi kusema "asante" tupu maishani mwake, ni "Mungu akulipe" siku zote, na hapa nimeikuta kwenye barafu.

Wewe mwalimu wa Kiswahili hili utalipenda. Mwaka 1833 padri mmoja wa hapa Badia, Micurá de Rü, aliandika sarufi akitaka mabonde yote yawe na maandishi ya pamoja. Halikufika mbali. Zaidi ya miaka mia na hamsini baadaye akaitwa mtaalamu wa Uswisi, Heinrich Schmid, yule yule aliyewatengenezea Waromanshi lugha yao ya maandishi. Akachukua huku kidogo na kule kidogo, akaunda Kiladini cha wote. Sasa linganisha na sisi: mwaka 1928 walipokaa Mombasa kusanifisha Kiswahili walichagua Kiunguja, wakamaliza, na watu wa Mvita na Amu wakabaki na kinyongo chao hadi leo. Huku hakupendelewa mtu, na matokeo yake hakuna anayekiona chake. Ofisi za mkoa wetu huku, Bolzano, zinaandika Kibadia kwa Wabadia na Kigherdëina kwa Wagherdëina. Nilimuuliza mama mwenye hoteli maoni yake, akasema kile cha wote ni kizuri, tatizo hakina mama wa kukigombezea watoto. Mimi niko upande wake, ingawa najua wewe utanibishia, utasema bila usanifu hakuna vitabu. Haya, bisha.

Lililoniuma mimi ni mipaka. Mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia watu hawa walikuwa chini ya Austria. Italia ilipoingia vitani mwaka 1915, mstari wa mapigano ulipita katikati ya mashamba yao. Kuna mlima kule Fodom unaitwa Col di Lana. Waitaliano walichimba handaki chini ya kilele chake wakakilipua usiku mmoja wa Aprili 1916 na askari waliokuwa juu. Shimo bado liko. Vita vilipokwisha wote wakawa Italia, na mwaka 1920 wakakutana kwenye njia ya mlimani wakainua bendera yao, buluu ya mbingu, nyeupe ya theluji, kijani ya malisho. Serikali ya Mussolini haikuwajibu kwa maneno, iliwagawa. Anpezo na Fodom wakapelekwa mkoa wa Belluno mwaka 1923, na kufika 1927 Fascia wako Trento, Badia na Gherdëina wako Bolzano. Mikoa mitatu kwa watu wasiojaza uwanja!

Na mgawo huo ndio umeamua nani ana nini. Sisi wa upande wa Bolzano (tayari nasema "sisi", unaona) tumo kwenye mkoa wenye mamlaka yake. Vibao vya barabarani vina majina matatu. Katika sensa ya 2011 watu walitaja kundi lao la lugha, Waladini wakatoka 20,548, yaani asilimia 4.53 ya waliotaja, na kazi za serikali zinagawanywa kwa hesabu za namna hiyo. Shuleni, tangu 1948, nusu ya masomo ni Kijerumani na nusu ni Kiitaliano, na Kiladini kina saa mbili hivi kwa wiki. Mbili tu! Lakini mwalimu akiona mtoto hajaelewa, anamweleza kwa Kiladini, na hakuna anayeona ajabu. Wenzao wa Anpezo na Fodom hawana hayo. Oktoba 2007 walipiga kura, wengi sana wakasema wanataka kurudi kwa ndugu zao wa Bolzano. Mpaka leo wako pale pale.

Nisikuchoshe na siasa. Chakula sasa. Kuna supu ya shayiri wanaiita panicia, inakaa tumboni mpaka asubuhi. Pamoja nayo kuna tutres, ni kama sambusa iliyopigwa bapa ikawa duara, ndani spinachi na jibini laini, inachovywa kwenye mafuta inatoka imevimba. Nimeshajifunza kuzisukuma. Jana nimesukuma zaidi ya mia moja, na yule mama akaangalia unene wake akasema kitu kwa Kiladini ambacho sikuelewa, ila uso wake ulikuwa wa kuridhika.

Jioni kukiwa hakuna mawingu, mawe ya milima haya yanawaka: waridi, kisha nyekundu kama makaa, kisha zambarau, halafu yanazima. Wana neno lake, enrosadira. Wageni wote hukimbilia nje na simu. Mimi huwa natoka kumwaga takataka wakati huo, si bahati mbaya.

Hadithi moja ndiyo imenifanya nikuandikie, Mwanaidi. Nyuma ya hoteli, juu kabisa, kuna uwanda wa mawe uitwao Fanes. Wanasimulia kwamba palikuwa na ufalme, na ukoo wa malkia ulikuwa na agano la udugu na wanyama fulani wanaoishi mashimoni, wanafanana na pimbi lakini wakubwa na wanene zaidi. Malkia akaolewa na mfalme mgeni, mtu wa vita na tamaa, akaona haya kumwambia kwamba ndugu zake ni pimbi. Akaficha. Kutokana na kuficha kule ufalme ukaharibika hadi ukaanguka, na waliosalia wakaingia ndani ya mlima kuishi na wanyama wale, wakisubiri tarumbeta za fedha zilie watoke tena.

Mama mwenye hoteli alinisimulia tukimenya viazi, kwa Kiitaliano cha polepole ili nimfuate. Mimi nikawa namkumbuka mwalimu mmoja wa shule niliyosoma, aliyekuwa akituvisha kibao shingoni ukikamatwa unasema Kibondei, lugha ya kwetu. Nilikivaa mara mbili. Mara ya tatu sikuvaa, kwa sababu nilikuwa nimeshaacha. Hakuna mkoloni hapo wala Mussolini, ni Kiswahili chetu hiki hiki ninachokuandikia, ninachokipenda mpaka nikakifuata darasani nikakutana na wewe. Ukifika nyumbani Magila sasa utamsikia bibi akisema Kibondei na kuku wake. Sisi wajukuu akitusemesha tunamjibu Kiswahili, na siku hizi hata kutusemesha ameacha, anaanza moja kwa moja kwa Kiswahili ili asitusumbue. Nilikuwa sijawahi kuliona hilo mpaka nilipomwona mwanamke mwenye hoteli na magari mawili akimfuta mwanawe makamasi kwa lugha ya watu 30,000.

Kwa hiyo nina ombi. Ukienda Muheza, pita Magila kwa bibi. Kaa naye jikoni, washa simu irekodi, umwambie asimulie chochote anachotaka: mihogo, kuolewa kwake, masengenyo ya kanisani, lakini kwa Kibondei. Atakataa mwanzoni, atasema wewe mtoto wa Tanga mjini utaelewa nini. Mwambie hutaki kuelewa, umetumwa. Asikatizwe hata akisimulia saa zima. Mimi mwenyewe sitaelewa yote, nitumie hivyo hivyo.

Nimetuma hela kidogo, mnunulie sukari kilo mbili na kitenge, kitakachobaki ni nauli yako. Yule jogoo mwekundu anapiga watu, ukiingia uani shika fimbo.

Wako,
Stella