Visanamu si peremende

Mhariri,

Visanamu vingi vya mashujaa na mazimwi huonekana kama peremende kwa sababu rangi hupakwa ilivyotoka koponi. Ipunguzeni ukali kwanza: kijani kwa tone la nyekundu, buluu kwa kahawia kidogo. Nyeusi tupu huleta uchafu, si uzee.

Kisha pakeni kahawia nyepesi ya majimaji ijae mikunjoni. Msiizimue kwa maji matupu, huacha pete ikikauka. Ongezeni midiamu ya akriliki, yaani kimiminika kisicho na rangi cha kuchanganyia rangi za akriliki. Ikituama mahali bapa, ifyonzeni papo hapo kwa brashi yenye unyevu. Ikishaanza kukauka, iacheni! Kuigusa hung'oa ngozi yake.

Baada ya kukauka kabisa, rudisheni rangi ya awali kwenye miinuko tu. Rangi ya fedha ibaki kwenye makali ya upanga.

Mpaka rangi wa visanamu