Mama, Rehema hana kosa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi zinakwenda, baridi nimeshaizoea. Pesa ya hospitali ya Sefu, mwana wa Kaka, nimeituma jana, Kaka ataipokea. Ila kilichonikalisha kuandika si pesa. Ni yale maneno ya Shangazi, eti mke wa Kaka, Rehema, ndiye aliyetuletea maradhi kwenye ukoo usio na mgonjwa. Nasikia Kaka alikuwepo na akanyamaza. Hapo ndipo paliponiuma.

Mama, mtoto hapati selimundu, ugonjwa huu wa damu wa Sefu, kwa mzazi mmoja. Jeni yake, yaani kipande cha urithi kinachouleta, lazima aipate kwa baba na kwa mama, moja huku na moja huku. Aliyerithi moja tu huwa mzima, anaweza kuzeeka nayo asijue. Wawili wa namna hiyo wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Kwa hiyo kuugua kwa Sefu kwenyewe kunasema kwamba Kaka naye anayo.

Na Shangazi akitaka ushahidi zaidi, upo. Nimejipima hapa maabara. Ninayo. Mimi sikuzaliwa na Rehema. Nimeipata kwako au kwa marehemu Baba.

Asishtuke mtu. Si laana. Ni herufi moja tu iliyobadilika, kati ya bilioni 3 hivi zinazobeba urithi wetu, pale penye maelekezo ya kutengeneza himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu. Kwa mwenye jeni moja, kimelea cha malaria kikiingia kwenye chembe nyekundu, chembe hujikunja na bandama huiondoa mapema. Hivyo watoto waliokuwa wafe kwa malaria walipona, wakakua, wakazaa, na jeni ikaenea. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliyaandika haya mwaka 1954. Kwa watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Victoria alikuta mmoja kati ya watano anayo, pengine hata zaidi. Kwa wa nyanda za juu, kusikokuwa na malaria, hata mmoja kati ya mia hafiki. Aliyetuchagulia ni mbu, Mama, si ukoo wa kina Rehema.

Wala msidhani huku wanajua zaidi. Kuna mwenzangu kazini, msomi mzima, aliyeniambia huu ni ugonjwa wa watu weusi. Nilimjibu mbele za watu: mbona upo India, upo Uarabuni, upo Ugiriki, na kusini kabisa mwa Afrika ni adimu? Unafuata malaria, haufuati rangi. Kisha nikamletea ya mtaalamu wa urithi Richard Lewontin, ambaye mwaka 1972 alilinganisha makundi ya damu na protini za watu wa pande zote za dunia, akakuta karibu asilimia 85 ya tofauti zetu zimo ndani ya jamii ile ile moja. Zinazotenganisha hizo wanazoziita mbari ni kama asilimia 6 tu. Mwenzangu akakosa la kusema. Baadaye mkuu wetu akaniomba nitoe mhadhara kwa idara nzima! Nilivaa ile suti, wakapiga makofi mpaka nikaona haya. Nikatamani mngekuwepo, hata Shangazi.

Watu walipoondoka nilirudi kwenye hadubini kutazama damu ya mgonjwa. Chembe nzima ni za duara. Hizo nyingine zimepinda kama mundu, ncha zimechongoka. Kwenye mishipa myembamba ndizo zinazokwama na kuziba njia, ndiyo maumivu yale ya mifupa yanayomliza Sefu usiku. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi; hizi nyingi hazifikishi 20, ndiyo maana anaishiwa damu. Nilimkumbuka sana. Nikafunga, nikaenda kulala.

Sasa, Kaka akapime, na wadogo zangu wapime kabla hawajaolewa. Sefu anywe maji mengi, asikose chanjo, akipata homa msisubiri kukuche. Daktari aulizwe kuhusu dawa ya haidroksiyurea. Na Rehema asifukuzwe na maneno ya mtu. Akiondoka, pesa ya mtoto itamfuata yeye huko aliko, Kaka asinilaumu.

Barua hii msomee Shangazi yote, usiruke pale panapomtaja Baba.

Mwanao