Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya Zanzibar: mfupa bandia usinunuliwe kwa jina tu

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Assalamu alaykum.

Kabla orodha ya vifaa vya mifupa ya mwaka ujao wa fedha haijafungwa, tunaomba uangalie upya kitu kimoja: vipandikizi vya mfupa vyenye vitundu, vilivyotiwa protini za kuotesha mfupa. Wauzaji wanavisifu sana, na baadhi ya sifa hizo ni za kweli. Ombi letu ni visiingie Bohari Kuu ya Dawa kwa jina la "mfupa bandia" peke yake, maana jina hilo linafunika vitu visivyofanana kwa kazi wala kwa bei.

Mfupa uliovunjika huunga wenyewe ukitulizwa. Lakini muundi uliopondwa na pikipiki, vipande vikatoka nje au vikaoza hadi vikaondolewa, huacha pengo. Pengo linalozidi sentimita 2 hivi, na lililokula zaidi ya nusu ya mzunguko wa mfupa, halitarajiwi kujiziba. Tiba inayoaminika zaidi hadi leo ni mfupa wa mgonjwa mwenyewe unaochotwa kwenye nyonga: una chembe hai, una protini, na wenyewe ni kiunzi. Kasoro yake ni uchache. Muundi wenye kipenyo cha sentimita 2.5 ukikosa sentimita 4 unadai karibu mililita 20 za kujazia, na nyonga iliyochotwa inaweza kuuma kwa miezi. Cha kutengenezwa kinahitajika kuongezea pale ambapo nyonga haitoshi.

Cha kutengenezwa hicho ni kiunzi tu, na ubora wake umo kwenye vitundu. Lazima vitundu vipenyezane. Mashimo yaliyofungwa kila moja peke yake hayana faida, kwa sababu chembe na damu hazipiti. Chini ya maikromita 100 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) mfupa hauingii vizuri; kuanzia 300 mishipa ya damu hupata nafasi. Uwazi, yaani sehemu ya kiunzi iliyo tupu, wa asilimia 60 hadi 90 ndio unaotafutwa, ila kila uwazi unapoongezeka nguvu hupungua. Mfupa wa ndani wenye sponji huhimili mgandamizo wa megapaskali (kipimo cha mgandamizo) 2 hadi 12, ilhali ganda gumu la nje huhimili zaidi ya 100. Kauri yenye vitundu, yaani kiunzi cha madini kinachokuja kama punje, iko karibu na mfupa wa sponji kuliko ganda. Kwa hiyo haibebi uzito wa mtu, na bila pleti, msumari wa ndani au vyuma vya nje vilivyokazwa sawasawa, punje husagika na pengo hurudi. Picha ya eksirei nayo hudanganya: kauri huonekana nyeupe tangu siku ya kwanza, mtu akadhani mfupa umeota, akamruhusu mgonjwa akanyage.

Malighafi nayo isemwe wazi kwenye zabuni. Kalsiamu salfeti huyeyuka ndani ya wiki chache, mara nyingi kabla mfupa haujafika. Beta-trikalsiamu fosfati huchukua takriban miezi 6 hadi 18, mwendo unaokaribiana na wa mfupa wenyewe. Hidroksiapatiti hubaki miaka. Mchanganyiko wa hizi mbili za mwisho ni chaguo la busara kwa mapengo mengi. Iko pia hidroksiapatiti inayopatikana kwa kugeuza matumbawe ya jamii ya Porites, njia iliyochapishwa 1974. Atakayekuja na wazo la kuvuna matumbawe ya Chumbe au Misali arudishwe bandarini: matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vya porini, na kauri ya kiwandani inatosha.

Sasa protini, ambazo ndizo zinazopandisha bei. Mwaka 1965 Marshall Urist wa Marekani alionyesha kwamba mfupa uliotolewa madini, ukipandikizwa ndani ya msuli, huotesha mfupa mpya. Kutokana na kazi hiyo zikapatikana protini za kuotesha mfupa, kwa kifupi BMP. BMP-2 ya maabara iliidhinishwa Marekani mwaka 2002 kwa kuunganisha pingili za mgongo wa chini, na 2004 kwa muundi uliovunjika ukawa na kidonda wazi, ukiwa umeshawekwa msumari. Utafiti wa muundi uliochapishwa 2002 ulikuwa na wagonjwa 450, na kipimo kilichofaulu kilikuwa miligramu 1.5 kwa kila mililita.

Kipimo hicho ni kikubwa mno. Mwilini protini hizi hufanya kazi kwa nanogramu, yaani sehemu za milioni za miligramu. Tunaweka miligramu kwa sababu sponji ya kolajeni inayozibeba inaziachia haraka na mwili unazivunja haraka. Madhara yanatoka hapohapo: uvimbe, na mfupa kuota pasipotakiwa. Julai 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu uvimbe wa koo kwa waliowekewa shingoni. Mwaka 2013 mapitio mawili huru ya takwimu za mgongo hayakuona faida ya wazi kuliko mfupa wa nyonga. Muuzaji asiyeyataja haya hajamaliza maelezo yake.

Utumiaji wa BMP pia una adabu zake. Unga wake huyeyushwa kwa maji safi ya sindano, chupa ikizungushwa taratibu bila kutikiswa. Maji hayo hudondoshwa sawasawa juu ya sponji yote, ikasubiriwa si chini ya dakika 15, kisha itumike ndani ya saa 2. Kidonda huoshwa na damu kuzuiwa kabla ya kuiweka. Atakayeosha baada ya hapo, au kuikamua sponji ili ipenye, ameimwaga dawa sakafuni. Haiwekwi penye usaha, wala kwa mwenye saratani, mjamzito, au mtoto ambaye mifupa yake bado inakua.

Tunasisitiza hili kwa wauguzi wa thieta: chochote chenye protini hakirudishwi kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Nyuzi 121 kwa dakika 15, au 134 kwa dakika chache, zinaiua protini, na pakiti iliyofunguliwa ikaachwa ni ya kutupwa. Plastiki ya polikaprolaktoni, ambayo baadhi ya viunzi hutengenezwa nayo, huyeyuka kwenye nyuzi 60 tu. Bidhaa inayodai friji ya nyuzi 2 hadi 8 iwe na mahali pake penye jenereta na kipimajoto cha kurekodi. Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mzima mwaka 2008, na karibu miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Mpango wa friji usiotaja umeme haujakamilika.

Kuna njia ya bei nafuu ambayo tungependa itangulie. Daktari Mfaransa Alain-Charles Masquelet alionyesha kwamba pengo likijazwa saruji ya mifupa kwa wiki 6 hadi 8, mwili hutengeneza utando kuizunguka, na utando huo wenyewe hutoa BMP-2 na protini za kuotesha mishipa ya damu. Saruji, ambayo hupata joto inapoganda, huchanganywa na antibiotiki inayostahimili joto, kama jentamaisini au vankomaisini. Katika hatua ya pili utando hupasuliwa kwa uangalifu, saruji ikatolewa, pakajazwa mfupa wa nyonga. Mfupa huo ukipungua, huongezwa kauri isiyozidi sehemu 1 kwa sehemu 3 za mfupa. Inashindikana pale ambapo mfupa uliokufa haukuondolewa wote, vyuma vimelegea, au hakuna ngozi na nyama ya kufunika. Protini ya bei yoyote haiyatibu hayo matatu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, saruji ya mifupa, antibiotiki zake na punje za kauri zinunuliwe za kutosha Unguja na Pemba. Zabuni itaje malighafi, upana wa vitundu, uwazi na muda wa kuyeyuka, na bidhaa iwe imesajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. BMP isikae rafuni. Iagizwe kwa mgonjwa mmoja mmoja, baada ya madaktari wawili wa mifupa kutia saini kwamba usaha umekwisha, mfupa umetulizwa na nyama imefunika. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar uilipie kwa masharti hayohayo.

Stika ya namba ya toleo ibandikwe kwenye faili la mgonjwa, si kwenye boksi linalotupwa. Eksirei za pande mbili zipigwe wiki ya 6, kisha mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, na mfupa usihesabiwe umeunga hadi kuta 3 za mfupa, kati ya 4 zinazoonekana kwenye picha hizo mbili, zionekane zimeshikana. Mgonjwa wa Pemba apigiwe picha hukohuko Pemba na zitumwe kwa mtandao. Kumvusha bahari na magongo kwa picha mbili ni usumbufu usio na sababu.

Rasimu ya vigezo vya zabuni tunayo, na tunaomba nafasi ya kuipitia pamoja na kamati ya manunuzi kabla ya kutangazwa.

Wako watiifu,
Madaktari wa upasuaji wa mifupa, wauguzi wa thieta na wafamasia, Unguja na Pemba.