Misemo ya Kiingereza ianzie kwa mnyama mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Nimechuuza ng'ombe minadani miaka 32, Msalato, Pandambili na kwingineko. Kiingereza changu kiliishia darasa la saba, lakini naomba nafasi niseme jambo kuhusu somo hilo.

Mwezi uliopita mjukuu wangu wa kidato cha pili alirudi na karatasi ya jaribio imejaa wino mwekundu. Waliulizwa maana ya methali ya Waingereza: farasi wa kupewa usimtazame mdomoni. Akaandika kwamba farasi anauma. Kakosa. Nikamwuliza jibu lenyewe, akalitoa bila kujikwaa, kwa kuwa walishalinakili ubaoni: zawadi haikosolewi. "Sasa mdomo unaingiaje hapo?" Akasema, "Babu, hatukuambiwa."

Niliumia, na si kwa sababu ya alama. Mtoto huyu amekulia zizini. Nikamshika mkono tukaenda kwa ng'ombe, nikamfungua mtamba mdomo. Mbele juu hana jino, ni fizi ngumu tu. Chini ana manane. Jozi ya kwanza ya utotoni hung'oka akiwa na miaka miwili hivi na kidogo, yakaota meno mapana zaidi, na hadi miaka minne au mitano jozi zote nne zimebadilika. Baada ya hapo meno huanza kulika, na mwisho wake ni kibogoyo ambaye mnunuzi mzoefu hamgusi. Ndiyo maana mnadani hakuna anayetoa pesa kabla ya kutazama kinywa. Farasi naye hupimwa umri kwa meno. Basi aliyepewa mnyama bure akaanza kumpekua kinywa, anaipigia hesabu zawadi kama yuko sokoni.

Mjukuu akaruka: "Kumbe ndiyo maana mzee wanamwita mwenye meno marefu!" Msemo huo nao ulikuwa kwenye orodha yao. Farasi akizeeka fizi hurudi nyuma na meno huonekana marefu. Kinywa kimoja, misemo miwili, na wa pili kaufumbua peke yake.

Ugumu mwingine uko kwenye majina. Kuna ile hadithi ya kijana mchungaji aliyedanganya kijiji kwamba mbwa mwitu amevamia kondoo. Mbwa mwitu wa Ruaha ana mabakamabaka na masikio makubwa ya duara. Yule wa Ulaya ni mnyama mwingine kabisa, ila tumewapa jina moja, hata kwenye Biblia. Mtoto wa Kigogo mwambie kijana yule alipiga yowe la fisi, atasisimka, kwa sababu yowe hilo analijua. Kisha ndipo umweleze mnyama wa Ulaya.

Na mingine tunayo tayari. Sisi tunauziwa mbuzi kwenye gunia, Mwingereza anauziwa nguruwe. Paka akiondoka, panya hutawala kwao na kwetu. Pale ambapo sufuria yao inalisema birika kwa weusi, nyani wetu haoni kundule. Mwanafunzi akiziona pamoja hivi hana haja ya kukesha anakariri.

Siwalaumu walimu, darasa lenye watoto wengi na vitabu vichache linachosha. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kuandika maana ubaoni, mwalimu aulize: nani hapa amechunga? Huku Dodoma mikono haitakosekana. Wale watoto wanaokaa nyuma kimya kwa kuogopa Kiingereza ndio watakaosimama kueleza.

Nawe Mhariri, tutengee kona ndogo kwenye ukurasa wa wanafunzi, msemo mmoja kila wiki: mnyama ni yupi, ana tabia gani, na Waswahili tunasemaje. Wafugaji tuko tayari kuchangia. Ya meno nitaiandika mimi.

Mchuuzi wa ng'ombe mstaafu,
Hombolo, Dodoma