Kabla hujachagua jiwe la jikoni

Shosti wangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili jana usiku, nimefurahi mpaka machozi, yaani hatimaye funguo za nyumba ya Nyali, Mombasa, zipo mkononi, ghorofa ya 12, bahari yote ya kwako! Hongera sana mwaya, umehangaika. Sasa uliposema mwenye mradi kakupa wiki mbili tu uchague kaunta, sakafu na makabati, nikaona hii haitoshi meseji, ngoja nikae nikuandikie vizuri maana haya mambo mimi yameniuma na sitaki yakuume na wewe.

Jiwe kwanza. Najua roho yako imeshaangukia ile marumaru nyeupe ya Carrara kutoka Italia, ile yenye mishipa ya kijivu, na sikulaumu, ndo niliyoweka hapa kwangu Upanga, Dar. Wiki ya tatu tu tumehamia, nakata ndimu za samaki, nikaacha kipande juu ya kaunta nikaenda kuswali, narudi nakiokota nakuta duara limebaki pale pale. Nikafuta, nikasugua, wapi! Ukipitisha kidole unasikia kabisa pamekuwa na ukakasi, na ukiinama uangalie kwa mwanga wa dirishani mng'aro umekufa, duara zima la ndimu limejichora. Fundi akaniambia dada hilo si doa, jiwe lenyewe limelika. Na ni kweli, marumaru ni jamii ya chokaa, asidi inaila, na jiko letu sisi watu wa pwani ni ndimu, ukwaju, siki na nyanya kila siku ya Mungu. Aliyeniuzia hakusema hata neno moja na hilo mpaka leo linanikereketa, pesa ile tuliidunduliza miaka.

Chukua granaiti. Ndimu haiigusi, sufuria la moto hailiogopi, wakikuambia imepitwa na wakati waache. Watakuletea na ile kwatzi ya kiwandani, mawe yaliyosagwa yakashikizwa na gundi ya plastiki, kwa madoa ni nzuri lakini sufuria la moto linaiunguza, halafu kuna jambo lingine kubwa zaidi kwangu: vumbi lake likikatwa linaharibu mapafu ya mafundi, Australia wameipiga marufuku tangu Julai 2024 kwa sababu hiyo hiyo. Granaiti nayo vumbi lake si zuri, kwahiyo jiwe lolote utakalochagua hakikisha linakatwa kwa maji na kijana anayekata kavaa barakoa ya kazi, siyo kitambaa puani. Simama mwenyewe uone, tafadhali.

Sakafu haina maneno mengi, weka vigae vya poseleni maana karibu havinywi maji, chukua visivyong'aa, watoto wakitoka kuogelea miguu imelowa ile ya kung'aa inateleza vibaya. Ukitaka mbao chumbani tafuta mninga mkavu, mti ule hautanuki wala kusinyaa ovyo, hewa ya pwani unaijua. Makabati ya chini ya sinki usikubali MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, hata wakiipaka rangi ya dhahabu, bomba likivuja kidogo tu inavimba kama mkate kwenye chai.

Halafu vyuma! Hili watu hawalisemi. Reli ya baraza letu tuliambiwa stenlesi, msimu wa kaskazi ulivyopiga na ile chumvi yake nikaanza kuona machozi ya kahawia yanashuka kutoka kwenye kila skrubu. Kumbe stenlesi ziko aina nyingi, ya kawaida ni 304, ya baharini ni 316, hiyo imeongezwa madini ya molibdenamu ndo maana inastahimili chumvi zaidi. Waambie reli, bawaba na skrubu zote ziwe 316 na iandikwe kwenye mkataba, halafu hata hiyo uifute kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara.

Vioo vyako vinatazama mashariki, jua la saa moja asubuhi litaingia mpaka kitandani, mapazia yawe mazito. Mimi huwa nawaza nyumba ya bibi kule Mji Mkongwe, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, vyumba vyembamba virefu kwa sababu boriti za mikoko ndo urefu wake ulipoishia, na mchana wa jua kali ndani kuna ubaridi. Ghorofani huwezi kupata kuta zile, ila nilimwomba fundi wa jipsam anitengenezee vidaka vitatu, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, kwenye ukuta wa korido, kimoja nimeweka msahafu, kimoja taa, kimoja chetezo cha bibi. Kila mgeni anasimama hapo. Ila usiguse ukuta unaobeba jengo, ni wa wenzako wote wa juu na chini.

Sasa kesho ukienda kwa mwenye mradi usisaini kitu. Omba kipande kidogo cha kila jiwe, nenda nacho nyumbani, kamulia ndimu juu yake ulale. Asubuhi osha, pitisha kidole, halafu nipigie kabla hata hujanywa chai.

Wasalimie wote hapo, na mama umbusu mkono kwa niaba yangu.

Wako wa Upanga